Safari Asiyoikumbuka Mtoto: Kumbukumbu na Amana katika Kilimo cha Msimu Bondeni Kilombero

Swali linalochunguzwa katika makala haya ni kama safari anayofanya mtoto mdogo pamoja na familia yake, kabla hajafikia umri wa kuhifadhi kumbukumbu za kudumu, inaweza kuhesabiwa kuwa safari yake mwenyewe, au ni safari ya wazazi ambayo yeye alichukuliwa tu pamoja na mizigo yao. Swali hili huzuka kwa sababu wataalamu wa saikolojia, yaani elimu inayochunguza nafsi na tabia za binadamu, wamethibitisha jambo ambalo kila mtu anaweza kulipima kwake mwenyewe, kwamba watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, hata kama katika miaka hiyo walivushwa mito, walihamishwa makazi au waliugua nusura wafe. Ikiwa thamani ya safari ni kile kinachobaki katika kumbukumbu ya msafiri, basi mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayepelekwa mbali na nyumbani hapati chochote, na kumsafirisha ni kumchosha na kumhatarisha bure. Ikiwa thamani hiyo iko mahali pengine, haina budi kuonyeshwa iko wapi, na ni nani aliyekabidhiwa wajibu wa kuitunza.

Msimu wa kuhamia shambani

Bonde la Kilombero, lililoko kusini mwa Mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, linafaa kuwa mahali pa kulipimia swali hili, kwa kuwa huko safari ya familia pamoja na mtoto mchanga ni sehemu ya mwaka wa kilimo. Bonde hilo limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na Mto Kilombero unaolipitia huungana na Mto Luwegu na kuwa Mto Rufiji. Mvua za masika, zinazoanza kushika nguvu mwezi Machi, hufurisha mto na vijito vyake hadi maji yakatandaa juu ya tambarare pana, ambayo mwaka 2002 iliorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji hayo hayo yanayofunga njia ndiyo yanayoustawisha mpunga, zao ambalo kwalo mji wa Ifakara na vijiji vinavyouzunguka hupata chakula na fedha.

Kaya nyingi za wakulima zina makazi mawili, moja likiwa ni nyumba ya kijijini, karibu na barabara, shule na zahanati, na jingine likiwa ni kibanda cha shamba, kilichojengwa kwa miti na nyasi katika tambarare ya mafuriko, mara nyingi umbali wa kilomita kadhaa kutoka kijijini. Tangu kutayarisha shamba na kupanda, mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, hadi kuvuna na kupura kati ya Mei na Agosti, familia huishi shambani kwa majuma au miezi, kwa sababu mpunga hauwezi kuachwa peke yake: magugu huusonga, nguruwe mwitu huuvamia usiku, na punje zinapoanza kujaa inabidi kuamia, yaani kushinda shambani kuanzia alfajiri hadi jua kuzama ukiwafukuza ndege. Pengine hujengwa dungu, ambalo ni ulingo ulioinuliwa juu ya nguzo, ili mlinzi aone mbali na aketi juu ya maji.

Katika uhamaji huu wapo wanaokwenda na wapo wanaobaki, na mgawanyo wao una uzito mkubwa kwa swali linalojadiliwa. Mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule, ambaye ana kumbukumbu na ana uwezo wa kusema anapenda nini, mara nyingi huachwa kijijini kwa bibi au kwa ndugu wengine ili masomo yasikatike, naye hufika shambani mwishoni mwa juma au wakati wa likizo ya Juni, ambayo huangukia katika kipindi cha mavuno na huwaleta hata watoto wa mijini kwa babu na bibi zao. Mtoto anyonyaye, ambaye hatakumbuka lolote, ndiye anayesafiri msimu mzima, kwa sababu hawezi kutenganishwa na mama, na mama hawezi kutenganishwa na shamba. Kwa hiyo anayesafiri zaidi ni yule ambaye, kwa kipimo cha kumbukumbu, anafaidika kidogo kuliko wengine.

Inafaa pia kueleweka kwamba umbali kati ya nyumba na shamba haukuumbwa na maumbile peke yake. Kaya nyingi za bondeni ziliwahi kuishi zikiwa zimetawanyika karibu na mashamba na mito, lakini sera za kuwakusanya watu mahali pamoja, hasa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, pamoja na ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, zilivuta makazi kuelekea kwenye barabara na stesheni, huku ardhi yenye rutuba ya mpunga ikibaki pale pale ilipokuwa. Vijiji vilileta shule na zahanati, na faida hiyo haipaswi kudharauliwa, lakini safari ya mtoto mchanga kwenda shambani ni, kwa sehemu, tunda la maamuzi ya watu. Panapokuwa na maamuzi ya watu, swali la wajibu haliwezi kuishia kwa wazazi peke yao.

Nafsi na mipaka ya kumbukumbu

Mwanafalsafa aliyeipa kumbukumbu nafasi kubwa kuliko wengine ni John Locke wa Uingereza, ambaye katika toleo la pili la insha yake juu ya ufahamu wa binadamu, lililotoka mwaka 1694, aliongeza sura inayodai kwamba mtu ni nafsi ile ile kwa kadiri ufahamu wake unavyoweza kurudi nyuma na kuyashika matendo yaliyopita kuwa ni yake. Locke alitofautisha binadamu, kwa maana ya mwili hai unaoendelea tangu kuzaliwa hadi kufa, na nafsi, kwa maana ya yule anayejitambua na anayeweza kuwajibika kwa matendo yake. Kwa kanuni hiyo, mtu mzima wa Ifakara ni binadamu yule yule aliyebebwa kwa mbeleko kwenda shambani, lakini ni vigumu kusema kwamba ni nafsi ile ile, maana hakuna uzi wa ufahamu unaomuunganisha na siku zile.

Zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Locke, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikuwa amelikabili tatizo hilo hilo katika kitabu chake cha Maungamo. Alipofika kwenye utoto wake mchanga alikiri kwamba hakuwa na kumbukumbu yoyote ya miaka ile, kwamba aliyoyajua aliyapata kwa kuambiwa na watu wazima na kwa kuwatazama watoto wengine, na kwamba aliona uzito kuihesabu miaka hiyo kuwa sehemu ya maisha yake. Hata hivyo hakuiacha, bali aliianza habari yake nayo, na akamshukuru Mungu kwa maziwa aliyonyonyeshwa asiyoyakumbuka. Tendo hilo la kushukuru lina hoja ndani yake, hata kama Augustino mwenyewe hakuitoa kwa namna hii, kwani mtu hawezi kushukuru kwa dhati kwa jambo lililompata mwingine kana kwamba limempata yeye. Anayeshukuru kwa maziwa asiyoyakumbuka amekwisha kukubali kwamba aliyenyonya ni yeye.

Udhaifu wa kipimo cha kumbukumbu huonekana wazi mtu anapotazama kinachotendeka kibandani. Mtoto asiyekumbuka msimu wa mpunga amekula wali wa msimu huo, na mifupa yake imekua kwa chakula hicho; amejifunza kusimama katika udongo ule, amezoea sauti zinazomtuliza, na amepata maneno yake ya kwanza, pengine ya Kindamba, ya Kipogoro au ya Kiswahili, kutoka kwa watu waliolala naye chini ya paa moja. Haya yote hubaki naye maisha yake yote bila kupita kwenye mlango wa kumbukumbu. Kusema kwamba safari haikuwa yake kwa sababu hawezi kuisimulia ni kuchanganya mambo mawili, yaani kupatwa na jambo na kuweza kulitolea ushahidi.

Ushuhuda wa dini na wa mila

Dini mbili zenye waumini wengi bondeni zimelikabili suala hili kwa njia ya ibada, ambayo mara nyingi hubeba mawazo mazito kuliko maelezo. Katika Uislamu yapo mapokeo, yaliyohifadhiwa katika mkusanyo wa hadithi wa Imam Muslim, yanayoeleza kwamba mwanamke mmoja katika safari ya hija alimwinua mtoto wake mdogo mbele ya Mtume Muhammad na kuuliza kama mtoto huyo naye ana hija, akajibiwa kwamba anayo, na kwamba mama ana thawabu. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za ibada na mahusiano, walifafanua kwamba hija hiyo ni sahihi lakini haimwondolei mtoto faradhi ya kuhiji atakapobaleghe na kuwa na uwezo. Katika hukumu hiyo fupi yamo mambo matatu yanayopatana bila kugongana: kwamba safari ya mtoto ni yake kweli, ijapokuwa hakuielewa wala kuikumbuka, kwamba anayembeba anapata sehemu yake kwa kumbeba, na kwamba safari ya utotoni haichukui nafasi ya safari ambayo mtu huikusudia mwenyewe akiwa na akili timamu.

Katika Ukristo wa Kikatoliki, uliojengeka bondeni kwa kazi ndefu ya wamisionari na ambao tangu mwaka 2012 una Jimbo la Ifakara, lililomegwa kutoka Jimbo la Mahenge, fikra inayofanana nayo imo katika ubatizo wa watoto wachanga. Mtoto hubatizwa kwa imani ya Kanisa, wazazi na wasimamizi wakijibu kwa niaba yake, na baadaye katika kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, huikiri kwa kinywa chake imani ambayo wengine waliishika kwa ajili yake. Injili ya Mathayo nayo inasimulia jinsi Yosefu alivyomchukua mtoto Yesu na mama yake usiku na kukimbilia Misri, safari ambayo mtoto huyo hakuiamua, na ambayo waumini huisimulia hata leo kuwa sehemu ya maisha yake.

Mila za Kiafrika huiongezea hoja hii upande wa pili. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu huwa mtu kwa kuwa ndani ya jamaa, na kwamba marehemu huendelea kuwa miongoni mwa walio hai maadamu wapo watu wanaowakumbuka kwa majina. Mbiti alikuwa akizungumzia ncha ya mwisho ya maisha, lakini maneno yake yakiwekwa sambamba na hali ya mtoto mchanga yanaangaza pia ncha ya mwanzo. Katika ncha zote mbili mtu hana uwezo wa kujikumbuka, na katika zote mbili kuwapo kwake kama mtu fulani, mwenye jina na habari zake, hushikwa na wengine. Kipindi ambacho mtu hujibebea kumbukumbu zake, ambacho Locke alikifanya kuwa kipimo cha nafsi, kiko katikati tu, na huanza na kwisha mikononi mwa watu wengine. Anayetambika kwa ajili ya babu aliyefariki na anayemwambia mtoto habari za msimu aliozaliwa wanafanya kazi ya aina moja.

Amana na mipaka yake

Uhusiano huu kati ya asiyeweza kukumbuka na wanaokumbuka kwa niaba yake unaelezeka vizuri kwa dhana ya amana. Katika fikihi, amana ni mali iliyowekwa kwa mtu ili aitunze kwa ajili ya mwenyewe, na kanuni yake ni kwamba mtunzaji halipi ikipotea au kuharibika bila kosa lake, lakini analipa ikiharibika kwa uzembe wake au kwa kuvuka mipaka aliyowekewa. Mtoto aliyebebwa kwenda shambani ni amana kwa maana hiyo, na kanuni hiyo inawaweka wazazi mahali pa haki, kati ya hukumu kali inayowalaumu kwa kila homa na fikra ya majaaliwa inayowaondolea kila lawama.

Bonde la Kilombero limetoa somo zito juu ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba katika kijiji cha Namawala, magharibi mwa Ifakara, mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Palikuwa na sababu ya kukata tamaa, na palikuwa pia na mwelekeo, ulioandikwa na watafiti wa bondeni humo, wa kuihusisha degedege, yaani homa kali ya mtoto inayoambatana na mtukutiko wa mwili na kupoteza fahamu, na nguvu za mapepo, hata mgonjwa akapelekwa kwanza kwa mganga. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mradi uliojulikana kama KINET ulianza kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliendana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008 na uliohusu mashamba ya mpunga yenyewe, ulikuta kwamba familia zinazohamia shambani hubeba vyandarua vyao, na kwamba karibu watu wote wanaolala vibandani hulala ndani yake, ingawa kuifikia tiba kutoka huko kulikuwa kugumu.

Takwimu hizi zinagusa dini kwa karibu. Tawakali, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote, imefundishwa tangu awali katika Uislamu kuwa huja baada ya mja kutimiza lililo katika uwezo wake, na Ukristo nao haujapata kuhesabu imani kuwa ruhusa ya kumjaribu Mungu. Kabla dawa na chandarua havijapatikana, mzazi aliyefiwa na mtoto shambani alikuwa mtunza amana aliyepotelewa bila kosa, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu. Baada ya vitu hivyo kupatikana, mpaka wa wajibu umesogea, na kinachohesabiwa kuwa majaaliwa kimepungua. Wala si dharau kwa imani ya wazee kusema hivyo, kwani familia inayofunga chandarua juu ya kitanda cha miti na kisha ikaomba dua imezitimiza sehemu zote mbili za tawakali.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kuuacha mzigo wote juu ya mama. Amana ya mtoto ina watunzaji wengi, na kila mmoja anaishika kwa kadiri ya uwezo wake: baba anayeamua familia itahamia lini na itakaa kwa muda gani, majirani wa shamba ambao baiskeli au mtumbwi wao ndio njia ya kumfikisha mgonjwa zahanati, kijiji kinachoamua kliniki ya mama na mtoto ifanyike wapi, na dola, ambayo iliyakusanya makazi mahali pamoja huku mashamba yakibaki kwingine. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, ambalo limewaondolea wasafiri kati ya Ifakara na Ulanga utegemezi wa kivuko kilichokuwa hatari wakati wa mafuriko, ni mfano wa amana iliyotunzwa na dola. Huduma ya afya inayowafuata wakulima shambani katika miezi ya masika, badala ya kuwangoja kijijini, ingekuwa mfano mwingine, na haki inadai ipewe uzito ule ule.

Amana hii ina sehemu ya pili, nayo ni kusimulia. Waliokumbuka kwa niaba ya mtoto wanadaiwa kumrudishia kumbukumbu hizo anapokuwa mkubwa, wakimweleza alilala wapi, nani alimbeba maji yalipojaa, alikula nini, na mavuno ya mwaka ule yalikuwaje. Masimulizi hayo yana masharti mawili. La kwanza ni ukweli, kwa sababu anayesimuliwa hana njia ya kusahihisha, na kumpambia mtoto msimu usiokuwa na njaa wala hofu ni kumkabidhi mali ambayo si yake. La pili ni kujiepusha na masimango, yaani kumkumbusha mtu hisani aliyotendewa ili kumtweza au kumtawala, maana amana hurudishwa kwa mwenyewe bila kudaiwa malipo, na mzazi anayeyageuza mateso ya shambani kuwa deni lisiloisha ameitumia vibaya mali aliyopewa kuitunza.

Yupo pia mtoto mwingine ambaye hoja hii isingemtendea haki kama ingemsahau, naye ni yule mkubwa aliyebaki kijijini. Huyu anakumbuka, na anachokumbuka ni miezi ya kuwakosa wazazi, pengine ya kujipikia na kumwangalia mdogo wake. Ikiwa asiyekumbuka ana haki ya kusimuliwa, basi anayekumbuka ana haki ya kusikilizwa, na familia inayorudi kutoka shambani ikiwa na magunia ya mpunga ina habari za kutoa na habari za kupokea. Masomo yake yalilindwa kwa gharama aliyoilipa yeye mwenyewe, na gharama hiyo ni sehemu ya hesabu ya mavuno kama ilivyo gharama ya mbegu na ya vibarua.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni kwamba safari ya mtoto mdogo ni yake kwa ukamilifu, ila umiliki wake umegawanywa kwa wakati: kupatwa nayo ni kwake tangu siku ya kwanza, lakini kuijua ni kwa wengine mpaka watakapomkabidhi. Kumbukumbu haiumbi umiliki huo, bali inaukamilisha. Kutokana na hilo hufuata kanuni inayovuka mipaka ya Kilombero na kuwahusu pia wazazi wa mijini wanaopanga safari za likizo, kwamba safari ya familia inapaswa kupimwa kwa jinsi ilivyomtendea yule asiyeweza kukataa kwenda wala kutoa ushahidi baadaye. Mkulima wa mpunga hana uhuru mkubwa wa kuchagua kama atasafiri na mwanawe au la, lakini ana uhuru wa kuchagua atamtunzaje njiani na atamwambia nini baadaye, na jamii inayokula mpunga wake inawajibika kuhakikisha kwamba ufinyu wa uhuru huo haumgharimu uhai wa mtoto.